Impreza iliyoshushwa kwa springi peke yake: uchambuzi wa kisa kimoja cha Arusha

Gari lililoletwa kwetu lilikuwa Subaru Impreza WRX ya mwaka 2003, yenye injini ya lita 2 ya turbo na gia za mkono. Mwenyewe ni kijana anayeishi Moshi na kufanya biashara Arusha, kwa hiyo hupita barabara ile ya kilomita zipatazo 80 mara tatu au nne kwa wiki, kwenda na kurudi. Miezi mitano kabla ya kutufikia alikuwa amenunua springi nne fupi, mpya, zinazotangazwa kushusha gari kwa mm 30, akazipeleka kwenye gereji nyingine, zikafungwa kwa siku moja, na gari likatoka limekaa chini kama alivyolitamani tangu siku aliyolinunua. Alipoingia uani kwetu, upande wa Unga Limited, alikata usukani hadi mwisho kabla hajazima gari, kisha akashuka na kunionyesha upande wa ndani wa tairi la mbele.

"Shikamoo fundi. Hii ni seti ya pili ya matairi tangu nishushe gari. Alaimenti nimefanya mara mbili. Na kwenye rasta za Usa River, yale matuta madogo ya mfululizo, gari linaninyang'anya usukani."

"Marahaba, mdogo wangu. Shokapu ulibadilisha?"

"Hapana. Niliambiwa zilizopo bado nzima."

Naandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kijana huyu hakuwa mzembe. Alinunua kitu kizuri, akalipa mafundi, akafanya alaimenti (kupima na kupanga pembe za magurudumu) mara mbili kwa fedha yake, na bado gari likamla. Tatizo lake lilianzia kwenye dhana ambayo wengi tunayo, kwamba kushusha gari ni kazi ya springi. Springi hubadilisha urefu na ugumu tu, na shokapu ndiyo inayotuliza mruko wake. Lakini urefu ukibadilika, pembe ya kila mkono (chuma kinachounganisha gurudumu na chasi), kila bolijointi (kiungo cha mviringo kwenye ncha ya mkono) na kila tairodi (fimbo inayogeuza gurudumu kutoka kwenye usukani) hubadilika pamoja nao, na spea za ziada ambazo watu huziona kama mapambo ya wenye fedha ndizo zinazorudisha pembe hizo mahali gari linapoweza kuishi nazo.

Tulianza kwa kupima urefu kabla ya kufungua nati yoyote. Gari liliegeshwa kwenye sehemu ya sakafu tuliyoisawazisha kwa pimamaji, matairi yakajazwa upepo kwa kiwango kilichoandikwa mlangoni, tukapima kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu hadi kwenye ukingo wa madigadi. Kupima kutoka ardhini hadi kwenye bampa hakutoi jibu la kweli, kwa sababu tairi lililoisha na upepo pungufu huingia kwenye hesabu. Siku hiyo tulikuwa na WRX nyingine ya umbo lilelile ambayo haijawahi kushushwa, iliyokuja kubadilishiwa klachi, na tukaitumia kama kipimo chetu. Gari la kijana lilikuwa limeshuka mm 38 mbele na mm 44 nyuma. Hizo mm 8 na mm 14 za ziada hazikutoka kwenye springi, na tuliziandika ubaoni kama swali la kwanza la kujibiwa.

Matairi yalikuwa ya 215/45R17. Upande wa nje wa tairi la mbele la kushoto ulikuwa na kina cha mm 5 cha kashata (mikato ya tairi), na upande wa ndani nyuzi zilikuwa zimeanza kutokeza. Kabla ya mashine yoyote nilipitisha kiganja juu ya tairi, kutoka nje kwenda ndani na kutoka ndani kwenda nje. Upande mmoja mkono uliteleza, upande mwingine ulikwama kama unaopita juu ya meno ya msumeno. Tairi lililoliwa kwa sababu ya kemba peke yake huisha upande mmoja lakini hubaki laini. Meno hayo ya msumeno huja pale tairi linapoburuzwa kwa upande huku linabingirika, na hiyo ni kazi ya tou.

Hapa panahitaji maelezo, maana watu wengi wakiona tairi linakula ndani hulaumu kemba. Kemba ni jinsi gurudumu linavyolala ukilitazama kutoka mbele ya gari. Kichwa chake kikiingia ndani, tunasema kemba ni hasi. Tou ni jinsi gurudumu linavyotazama ukiliangalia kutoka juu, na hupimwa kwa kulinganisha umbali kati ya magurudumu mawili ukipimwa mbele ya rimu na ukipimwa nyuma ya rimu. Mashine ilituonyesha kemba hasi ya nyuzi (digrii) 1.6 mbele na nyuzi 2.3 nyuma, na magurudumu ya mbele yalikuwa yanatazama nje kwa jumla ya mm 5. Kemba ile ya mbele peke yake isingeweza kumaliza tairi kwa miezi michache, lakini hebu tuifanyie hesabu tou. Rimu ya inchi 17 ina kipenyo cha mm 432 hivi, na kila gurudumu lilikuwa limegeuka mm 2.5 katika upana huo, yaani karibu theluthi moja ya digrii. Gurudumu lililogeuka kiasi hicho huburuzwa kwa upande karibu mita 5.8 katika kila kilomita moja. Kutoka Arusha hadi Moshi ni zaidi ya mita 460 za mpira kusuguliwa kando kwenye lami, na kemba hasi huhakikisha kwamba msuguano wote huo unabebwa na ukingo wa ndani. Kijana alipoiona hesabu hiyo ubaoni alinyamaza kwa muda, kisha akauliza swali lililokuwa la haki kabisa: kama alaimenti ilifanywa mara mbili, tou hii imetoka wapi?

Jibu lilikuwa kwenye bushi, na nitakaa hapa kidogo, kwa sababu sehemu hii ya kazi haihitaji kununua kitu chochote na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Bushi ya mkono ni bomba dogo la chuma ndani ya bomba kubwa, na kati yake mpira uliogandishwa kwenye bomba zote mbili. Ukikaza bolti, bomba la ndani hubanwa na kuwa kitu kimoja na chasi, wakati bomba la nje linakwenda na mkono. Mkono ukipanda na kushuka, hakuna kinachozunguka kama beringi. Ni mpira ndio unaojinyonga. Sasa fundi anapofunga springi gari likiwa juu ya jeki na magurudumu yananing'inia, kisha akakaza bolti zote palepale, mpira huo umeambiwa kwamba hali yake ya kupumzika ni ile ya kuning'inia. Gari likishushwa chini, mkono wenye urefu wa mm 350 unaopanda kwa mm 90 hugeuka karibu nyuzi 15, na mpira huishi umenyongwa kwa nyuzi hizo mchana na usiku, hata gari likiwa limeegeshwa. Kila rasta huongeza juu ya hapo. Gari lililoshushwa huathirika zaidi, kwa sababu safari ya kutoka kuning'inia hadi kukaa huwa ndefu kuliko ya gari la kawaida.

Tulilipandisha gari, tukaingiza bapa la chuma kati ya mkono na chasi, na tukaona mpira wa bushi mbili za nyuma umechanika kwa nusu mzunguko, ufa mweusi wenye unga unga wa mpira pembeni mwake. Bushi kubwa za mikono ya mbele zilikuwa zimeanza kuachia pia. Mpira uliochanika huruhusu mkono kusogea, na mkono ukisogea tou inasogea. Zaidi ya hapo, mpira ulionyongwa husaidia kubeba gari kama springi ndogo ya ziada, na ukichanika msaada huo hupotea, gari hushuka tena kidogo na vipimo vyote huhama. Alaimenti zile mbili huenda zilifanywa vizuri kabisa siku zilipofanywa. Zilipimwa kwenye gari ambalo lilikuwa bado linaendelea kubadilika.

Mm 8 za ziada tulizipata juu ya shokapu. Mauntingi za juu, zile zenye mpira na bolti tatu unazoziona ukifungua boneti, zilikuwa za tangu gari lilipotoka kiwandani, na mpira wake ulikuwa umedidimia. Hilo lilikuwa sawa mbele na nyuma. Mm 6 zilizobaki za nyuma zilikuwa ni raba za kukalia springi: fundi wa kwanza alizitoa, akakuta zimepasuka, na akafunga springi chuma juu ya chuma. Kijana alithibitisha kwamba mlio wa kugonga nyuma ulianza siku ileile.

Kisha tukaja kwenye shokapu zenyewe. Kuna njia rahisi ya kujua shokapu inatumia nafasi yake kwa kiasi gani, na haihitaji kifaa cha gharama. Unavua kifuniko cha vumbi, unafunga kamba nyembamba ya plastiki kwenye rodi ya shokapu, unaisukuma chini hadi iguse mwili wa shokapu, kisha unaendesha gari kwenye barabara ya kawaida. Shokapu ikibonyea, mwili wake huisukuma kamba juu, na kamba hubaki pale ilipofikishwa. Tulikwenda na kurudi Tengeru tukiwa watu wawili, bila mwendo wa ajabu. Tuliporudi, kamba za mbele zilikuwa zimefika mwisho kabisa na kugandamizwa kwenye raba ya kizuizi, ile inayozuia chuma kisigonge chuma, ambayo nayo upande wa kulia ilikuwa imemeguka vipande. Yaani kwa safari ya kawaida tu, gari lilikuwa linakalia kizuizi.

Hili ndilo lililokuwa linamnyang'anya usukani. Springi ngumu na fupi iliwekwa juu ya shokapu ya urefu wa kawaida, iliyokwishachoka, ambayo nafasi yake ya kubonyea imepunguzwa. Shokapu ya namna hiyo haina nguvu ya kuituliza springi mpya inaporudi juu, na haina nafasi ya kushuka inapobonyezwa. Kwenye rasta, ambako mapigo huja kwa mfululizo, gurudumu hupigwa la pili kabla halijatulia kutoka la kwanza, na kwa sehemu ya muda huo haligusi lami kwa uzito wake. Watengenezaji wenyewe wanalijua jambo hili. Ndiyo maana Bilstein, kwa mfano, hutofautisha shokapu za B6 zenye urefu wa kawaida na za B8 zilizofupishwa kwa ajili ya springi za kushusha. Ukifupisha springi, shokapu fupi yenye nguvu inayolingana nayo ni sehemu ya kazi ileile, na ningependa mwuzaji wa springi awe anamwambia mteja hivyo kabla ya kupokea fedha.

Baada ya hapo tulibaki na swali gumu zaidi, la mbele. Impreza hii hutumia muundo unaobeba jina la mhandisi Mmarekani Earle S. MacPherson: shokapu ndiyo nguzo ya juu, mkono mmoja uko chini, na gurudumu linazungukia kati ya mauntingi ya juu na bolijointi ya chini. Ni muundo mwepesi na imara, lakini haupendi kushushwa sana. Tuliweka pimamaji chini ya mkono wa mbele gari likiwa limekaa chini, na tukakuta ncha ya nje, yenye bolijointi, iko juu kuliko ncha ya ndani. Kwenye lile gari lingine ambalo halijaguswa, ncha ya nje ilikuwa chini.

Tofauti hiyo ndogo hubadilisha tabia ya gari kwa njia mbili. Kwanza, kila gari lina nukta ambayo mwili wake huizunguka linapolala kwenye kona, nami nitaiita kitovu cha kulala. Kwenye muundo wa MacPherson mahali pa kitovu hicho hutokana na pembe ya mkono wa chini na pembe ya shokapu. Ukishusha gari kwa mm 38, kitovu cha uzito kinashuka kwa mm 38, lakini mkono ukishapita usawa kitovu cha kulala hushuka kwa kasi kubwa zaidi. Umbali kati ya vitovu hivyo viwili ndio wenzo unaolilaza gari. Kwa hiyo mtu anashusha gari ili lisilale kwenye kona, na anapata wenzo mrefu zaidi wa kulilaza. Kinachomsaidia ni ugumu wa springi tu, na ugumu huo ndio unaomtesa kwenye rasta. Aidha, mkono ukiwa umeinama kuelekea ndani, gurudumu likipanda zaidi huacha kuongeza kemba hasi na hatimaye huanza kuipoteza, wakati ambapo kwenye kona linaihitaji zaidi.

Pili, tairodi na mkono wa chini huchora nyuta mbili (mistari iliyopinda) angani gurudumu linapopanda na kushuka, na mhandisi aliyelibuni gari alizipanga ziende pamoja katika eneo la urefu wa kawaida. Ukilihamisha gari nje ya eneo hilo, nyuta zinaachana, na gurudumu linajigeuza lenyewe kila linapopanda tuta ingawa dereva ameshika usukani kwa utulivu. Tulilipima jambo hili kwa mikono. Tulitoa springi za mbele, tukarudisha shokapu bila springi, tukafunga bao lililonyooka kwenye habu, pale gurudumu linapofungwa, tukasimamisha rula mbili mbele yake, na tukapandisha gurudumu kwa jeki mm 10 kwa mm 10 huku kijana wa gereji akisoma namba kwa sauti. Kutoka urefu aliokuwa akitembea nao hadi mm 40 juu yake, gurudumu liligeuka kwa mm 4. Gurudumu moja likikanyaga tuta na jingine likikosa, hizo mm 4 ndizo ambazo dereva huzisikia kama mkono wa mtu mwingine kwenye usukani wake.

Uamuzi wetu wa kwanza haukuwa wa kununua. Tulimweleza kijana kwamba mm 30, kama springi zenyewe zilivyokusudiwa, ndio mwisho wa kile ambacho muundo wa mbele wa gari hili unaweza kuvumilia kwenye barabara zetu, na kwamba mm 8 na mm 14 za ziada ambazo alikuwa amezizoea kwa macho zilikuwa ni uchakavu na raba iliyokosekana. Alipenda lile umbo la chini kabisa, na kwa kweli lilikuwa linapendeza. Aliomba usiku mmoja wa kufikiri. Kesho yake alipiga simu akasema, "Fundi, fanya ya kutembea, siyo ya kuegesha."

Tulifunga shokapu nne fupi zilizotengenezwa kwa ajili ya springi za kushusha, mauntingi nne mpya pamoja na beringi zake za mbele, raba za kizuizi fupi na raba za kukalia springi. Gari lilirudi kwenye mm 30 pande zote, bila kubadilisha springi. Nyuma, ambako gari hili halina marekebisho ya kemba kutoka kiwandani, tuliweka bolti za kemba, ambazo ni nyembamba kidogo kuliko bolti za asili na zina nundu inayosogeza chuma kinachoshika beringi ya gurudumu. Bolti hizi zina ubishi wake miongoni mwa mafundi. Wapo wanaosema huteleza kwenye barabara mbovu, na wana haki ya kuogopa kama zimekazwa kwa kukisia. Sisi tulizikaza kwa spana ya kupimia nguvu, tukachora mstari wa rangi nyeupe unaopita kwenye kichwa cha bolti na kwenye chuma, ili yeyote atakayechungulia aone kama kuna kilichosogea. Mikono ya nyuma inayorekebishika ingekuwa bora zaidi, lakini kwa mm 30 gharama yake isingerudi.

Mbele, bolti ya juu ya shokapu tayari ina nundu ya kurekebisha kemba tangu kiwandani, kwa hiyo hapakuhitajika kitu kwa upande huo. Kilichohitajika ni bolijointi zenye shina refu, ambazo husukuma ncha ya nje ya mkono chini na kurudisha mteremko wake. Watu wengi hudhani bolijointi hizo hupandisha gari. Hazipandishi, kwa sababu kwenye muundo huu springi inabeba gari kupitia chuma cha gurudumu, wala haikai juu ya mkono. Mkono peke yake ndio unaobadilisha pembe. Tulihakikisha kwamba mkono hauigusi rimu kwa ndani usukani ukikatwa hadi mwisho pande zote mbili. Pamoja nazo zilikuja ncha za tairodi zinazoshuka kwa kiasi kinacholingana, na hili nasisitiza: ukifunga bolijointi ndefu na kuacha tairodi ilivyokuwa, umebadilisha uta mmoja na kuuacha wa pili, na gari litajigeuza zaidi ya mwanzo. Tulirudia kipimo cha bao na rula baada ya kufunga, na mm 4 zikawa mm 1.

Bushi zote za mbele na za nyuma zilibadilishwa. Bolti za mikono yote tuliziacha zimeshikwa kwa mkono tu hadi gari liliposimama kwenye magurudumu yake, juu ya mbao nene zilizotupa nafasi ya kuingia chini. Tuliweka mfuko wa mchanga wa kilo 75 kwenye kiti cha dereva, tukalisukuma gari mbele na nyuma mara kadhaa ili likae, ndipo tukaingia chini na kukaza.

Vipo pia vitu ambavyo kijana alikuja navyo kwenye orodha aliyopewa mahali pengine na tukamshauri avirudishe. Linki fupi za stabilaiza (fimbo inayopunguza gari kulala kwenye kona) hazikuwa na kazi hapa. Linki zake zilikuwa nzima na stabilaiza haikuwa inagusa kitu chochote katika safari yote ya gurudumu. Paipu ndefu za breki ni za gari lililopandishwa. Mauntingi za juu za chuma kitupu, zenye kurekebisha kemba, zinafaa gari la mashindano, lakini kwa vumbi la huku mpira ndio unaodumu, na bolti ya asili ilikuwa tayari imetupa kemba tuliyoitaka.

Taa tulizipanga upya, jambo ambalo sikuwahi kuona mtu akililipia kwa hiari. Gari lilipokuwa limeshuka nyuma kuliko mbele kwa mm 6, pua yake ilikuwa imeinuka, na kwa urefu wa mm 2,525 kati ya ekseli hiyo ni sawa na mwanga kupanda karibu sentimita 2.4 katika kila mita 10. Mita 50 mbele ni sentimita 12, kiasi kinachoweza kumsumbua dereva anayekuja upande wa pili usiku. Kijana alikiri kwamba madereva walikuwa wanamwashia taa kubwa mara kwa mara kati ya KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) na Boma Ng'ombe, na alidhani wanamsifia gari.

Alaimenti ilifanywa mwisho, mfuko wa mchanga ukiwa bado kwenye kiti na tangi likiwa nusu. Mbele tuliweka kemba hasi ya nyuzi 1.1 na tou sifuri. Nyuma kemba hasi ya nyuzi 1.2, na magurudumu yakatazamana ndani kwa jumla ya mm 2 ili gari lishike mstari kwenye mwendo. Tulimwambia arudi baada ya kilomita 500, na alirudi. Mstari mweupe kwenye bolti za nyuma ulikuwa haujakatika. Tou ya mbele ilikuwa imehama kwa nusu milimita, tukairudisha. Kamba za plastiki tuliziacha kwenye rodi kwa makusudi, nazo zilikuwa zimesimama sentimita moja na nusu kabla ya raba ya kizuizi.

Gharama ya kazi yote, ukiacha matairi, ilizidi mara tatu bei ya zile springi. Nilimwonyesha hesabu hiyo ikiwa imeandikwa kitu kwa kitu, kwa sababu naamini mteja ana haki ya kuiona kabla hajanunua springi, na huyu aliiona akiwa amekwisha kumaliza seti mbili za matairi.

Baada ya kilomita 9,000 alipita tena kupima matairi mapya. Upande wa nje na wa ndani wa tairi la mbele la kushoto ulitofautiana kwa chini ya milimita moja, na kiganja kiliteleza njia zote mbili. Lililobaki ni geti la nyumbani kwake Moshi, ambako kizingiti cha zege kilikuwa bado kinakwaruza chini ya bampa kila akiingia. Aliniambia amekwisha kuongea na fundi mwashi, na mteremko wa saruji unamwagwa Jumamosi.